Herufi Zile Zile, Hedi Tofauti: Kuzitambua Hedi za Datsun za Silinda Sita

Ziko hedi mbili za Datsun, yaani vile vifuniko vya alumini vinavyokaa juu ya silinda za injini, zenye herufi N47 ubavuni. Urefu wao ni mmoja, matundu ya bolti yanalingana, na ukizilaza juu ya benchi zikiwa na tapeti kava zake hutaona tofauti. Zipindue. Moja ina chemba (vyumba vya mwako) pana, kila moja ikibeba karibu mililita 44.6, na valvu ya kuingiza yenye upana wa milimita 44. Ya pili chemba zake zimebana, ujazo ni 38.8, na valvu ya kuingiza ni milimita 42. Ya kwanza ni ya Datsun 280Z ya 1977 au 1978. Ya pili imetoka kwenye gari la familia, lile Datsun 810 ambalo baadaye liliitwa Maxima. Mtu akiichukua hiyo ya pili akidhani ni ya kwanza, akaifunga juu ya pistoni bapa za L28, injini kubwa zaidi ya ukoo huu, atakuwa ameunda injini yenye mgandamizo wa karibu 11.8 kwa 1, yaani hewa na petroli vinabanwa mpaka sehemu moja ya 11.8. Kwa petroli ya vituo vyetu, injini hiyo itaanza kugonga kwenye mlima wa kwanza tu.

Ndiyo maana nasema herufi za kalibu, zile zilizoumbwa pamoja na hedi yenyewe, ni mwanzo wa swali. Jibu liko kwenye chemba, kwenye valvu na kwenye matundu ya moshi.

Injini ninayoizungumzia ni familia ya L ya Nissan, silinda sita kwenye mstari mmoja. Nimeichagua kwa sababu nyingi, lakini ya kwanza ni kwamba jina lake limeandikwa kwenye vumbi la kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na Datsun 240Z, na nyuma yao, nafasi ya pili, ilikuwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, safari hii akiwa na Lofty Drews, alimaliza kwa pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, na kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi. Mehta alizaliwa Uganda, na baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun ya silinda nne. Gari lililoshinda 1971 Nissan wanalo mpaka leo kwenye hifadhi yao ya Zama, Japani. Nikiiona picha yake, boneti nyeusi na ubavu uliopondeka, nafikiria ile hedi ya alumini iliyokuwa ndani, ikivuta hewa yenye mchanga wa Tsavo na tope la Mlima Kenya.

Sababu ya pili ni chungu zaidi. Alumini ya hedi inauzwa kwa kilo. Huku kwetu inayeyushwa na kugeuzwa sufuria, na sina ugomvi na sufuria, kila nyumba inaihitaji. Lakini hedi ambayo haijatengenezwa tena tangu miaka ya themanini ikishaingia kwenye tanuri haitoki ikiwa hedi. Mtu anayejua kuisoma kwa dakika tano anaweza kuiokoa. Hizo dakika tano ndizo ninazotaka kukupa.

Kwanza tuijue injini yenyewe. L24 ina kipenyo cha silinda cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 2,393. L26 ilibaki na kipenyo hicho hicho lakini mwendo ukarefushwa hadi 79, ikawa 2,565. L28 ikapanuliwa hadi 86 kwa 79, ikawa 2,753. Ndugu yao mdogo ni L20, 78 kwa 69.7, ambayo Wajapani waliitumia nyumbani kwa sababu ya madaraja ya kodi yanayoishia sentimita 2,000. Zote zina bloki ya chuma, hedi ya alumini, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) moja juu inayozungushwa kwa cheni, na tabia moja ambayo lazima uikumbuke mpaka mwisho wa makala haya: tundu za kuingiza na tundu za moshi ziko upande mmoja wa hedi, na plagi ziko upande wa pili. Kabureta na manifoldi ya moshi zinakaa pamoja, moja juu ya nyingine, upande wa kushoto ukikaa kwenye usukani.

Magari yaliyobeba injini hizi hayakuwa ya michezo peke yake. Cedric za kuuzwa nje ziliitwa 240C, 260C na 280C. Skyline ya nje iliitwa 240K. Laurel zilizibeba, na hata Patrol ya mfululizo wa 160 ilipatikana na L28 ya petroli. Kwa hiyo usisubiri kuona 240Z ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe ndipo uanze kutafuta. Tafuta gari la ofisi lililochoka.

Herufi ziko wapi? Simama upande wa plagi. Futa grisi kwenye ukuta wa hedi, karibu na usawa wa plagi, utaona herufi na namba zilizotoka pamoja na kalibu, zimeinuka, hazikugongwa kwa nyundo: E31, E88, N42, N47, P79, P90. Namba ya injini yenyewe haiko hapo. Hiyo imegongwa kwenye bloki, upande huo huo wa plagi lakini nyuma, karibu na silinda ya sita, na mbele yake utasoma L24, L26 au L28. Hedi na bloki vinaweza kuwa vilikutana mara ya kwanza gereji, kwa hiyo kimoja hakitoi ushahidi juu ya kingine.

Na kuna mtego. N42 ni jina la hedi, na pia ni jina la bloki. Nissan waliitumia alama hiyo kwenye kalibu zote mbili za L28 ya kwanza. Muuzaji akikwambia kwa simu, "Bosi, ninayo N42," muulize ni ya chuma au ya alumini. Nimesikia watu wakisafiri kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kufuata hedi, wakakuta bloki.

Sasa tuziangalie moja moja, na nitakaa zaidi pale penye utata.

E31 ndiyo ya mwanzo ya 240Z, miaka ya 1970 na 1971. Chemba yake ina mililita 42.4, ndogo kuliko zote za 240Z, na mgandamizo wa kiwandani ulikuwa 9.0 kwa 1. Valvu ya kuingiza 42, ya moshi 33. Wapenzi wa magari haya wanaitafuta kwa udi na uvumba, na bei yake imepanda kwa sababu hiyo. Mimi naipenda, ila naona sifa zake zimekuzwa kupita kiasi: valvu yake ya moshi ni ndogo, na yeyote anayetaka nguvu za kweli ataishia kuipanua. Thamani yake kubwa ni pale ambapo gari la 1970 linarudishwa kama lilivyotoka kiwandani. Hapo hakuna mbadala.

E88 ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, maana herufi hizo zimebeba angalau hedi mbili zenye tabia tofauti. E88 za mwanzo, za 240Z zilizofuata baada ya E31, zina chemba ya mililita 44.7 na umbo linalokaribiana na la E31, valvu 42 na 33. E88 za mwisho, hasa zile za 260Z ya 1974, chemba yake imefunguliwa hadi 47.8 na valvu ya moshi imekuzwa hadi 35. Sababu ilikuwa sheria za Marekani za moshi: mgandamizo ulishushwa ili joto la mwako lipungue. Kwa hiyo mtu anayekwambia "E88 ni hedi mbaya" na mwingine anayekwambia "E88 ni sawa na E31" wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kuhusu hedi aliyoishika.

N42 ilikuja na 280Z ya 1975 na 1976. Hapa valvu ya kuingiza inakuwa 44 kwa mara ya kwanza, ya moshi 35, chemba 44.6, na matundu ya moshi yana umbo la mraba, alumini tupu. Kwenye paa la tundu la kuingiza kuna mkato mdogo, kama ukucha, uliowekwa ili nozeli ya sindano ya petroli inyunyize bila kugonga ukuta. Mkato huo ni alama nzuri sana. Ukiuona, hedi hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mfumo wa sindano, hata kama leo imefungiwa kabureta. Kama ningeambiwa nichague hedi moja tu ya kiwandani kwa L28 ya barabarani, ningechukua N42 bila kusita.

N47 ya 280Z ni N42 iliyobadilishwa mdomo wa moshi. Chemba ni ile ile, valvu ni zile zile, lakini matundu ya moshi ni ya duara na ndani yake kuna slivu ya chuma, yaani bomba jembamba la ndani. Slivu hiyo inazuia moto wa moshi usimezwe na alumini, ili gesi zitoke zikiwa bado na joto la kutosha kuendelea kuungua njiani. Ni ujanja wa usafi wa hewa, wala haukukusudiwa kuongeza nguvu. Ukiitaka kuipanua tundu, slivu inakuzuia. Na manifoldi ya matundu ya mraba usiifunge hapo kwa kubahatisha. Gasketi zake si moja, na itavuja moshi kwa mlio unaoumiza masikio.

Na ile N47 ya pili, ya 810 na Maxima zenye L24 ya sindano, nimeshaieleza. Naiita hedi ya siri kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa bei ya chini kabisa: aliyenayo hajui, na anayeitafuta anaogopa kuuliza. Matundu yake ya moshi nayo ni ya duara yenye slivu. Kwa hiyo macho yako yasiishie kwenye matundu. Chemba ndiyo inayosema: katika ile ya Maxima sehemu bapa inayokaribia pistoni ni kubwa, na nafasi ya mwako imekusanywa upande wa plagi.

P79 na P90 ni kizazi cha mwisho, cha 280ZX. Chemba za zote mbili ni mililita 53.6, kubwa kuliko zote zilizotangulia, lakini zimefungwa kwa umbo linalozungusha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukubwa huo usikutishe. P79 ilikusudiwa kukaa juu ya pistoni bapa, na hapo mgandamizo unafika 8.8 kwa 1. P90 ni ya turbo, 1981 hadi 1983, ikikaa juu ya pistoni zenye shimo, 7.4 kwa 1. Kuzitenganisha ni rahisi hata gizani: ingiza kidole kwenye tundu la moshi. P79 ni duara na slivu, P90 ni mraba bila slivu. Ziko pia P90A za miaka ya mwisho ya turbo, zenye tapeti za mafuta zinazojirekebisha zenyewe. Ukifungua tapeti kava usione nati za kurekebishia kwenye rokari (mikono midogo inayosukuma valvu) kama ulivyozizoea, umeipata hiyo.

Sasa fikiria uko kwenye vipuri chakavu, Gerezani pale Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi, na hedi imelala juu ya lundo, herufi zimeliwa na kutu ya chumvi au zimefichwa na grisi ya miaka. Kuna namna ya kuisoma bila herufi, na naifuata kwa mpangilio huu kwa sababu kila hatua inapunguza idadi ya majibu.

Anza na salamu. Wazee wa pale wameshachoka na watu wanaopekua vitu vyao bila neno. Nilimwambia mmoja, "Shikamoo mzee, naomba niipindue ile hedi niitazame chini." Akanijibu, "Marahaba mwanangu, pindua, ila mkono wako uangalie, ina makali." Tukaishia kukaa naye mpaka adhuhuri, akinisimulia jinsi walivyokuwa wakifunga Cedric za wakubwa serikalini.

Ukishaipindua, angalia matundu ya moshi kwanza. Mraba inakupa E31, E88, N42 au P90. Duara yenye slivu inakupa N47 ya aina zote mbili au P79. Nusu ya kazi imeisha.

Kisha pima valvu ya kuingiza kwa kalipa, kile kipimio cha milimita chenye taya mbili. Usipime kwa macho, tofauti ni milimita mbili tu. Ikiwa 42 na matundu ni mraba, uko kwenye E31 au E88. Ikiwa 44 na mraba, ni N42 au P90, na chemba iliyofungwa ya P90 haifanani kabisa na ile ya N42. Ikiwa 42 na duara, furahi kimya kimya, huenda ni ile ya Maxima. Ikiwa ndogo zaidi ya 42, na duara la alama ya gasketi ni jembamba, inawezekana umeshika hedi ya L20, ambayo silinda zake ni za milimita 78.

Tazama pia rangi ya siti, ile pete ambayo valvu inakalia. Kwenye hedi za mwanzo, E31 na E88, siti ya valvu ya kuingiza ni ya shaba nyeusi na ukiikwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi inang'aa kimanjano. Kwenye zile za mwisho, P79 na P90, siti zote ni chuma kigumu cha kijivu. Alama hii imenisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu haifutiki kwa kutu wala kwa rangi ya dawa.

Halafu pima unene wa hedi, kutoka uso wa gasketi hadi uso wa tapeti kava. E31, E88, N42 na N47 zikiwa mpya huwa karibu milimita 108. Hatua hii watu wengi wanairuka, na hapo ndipo vipimo vyao vyote vinapopotoka. Hedi ya alumini yenye umri wa miaka hamsini imeshachemka angalau mara moja, na ikichemka inapelekwa kupigwa skimu, yaani kuchongwa uso wa chini mpaka unyooke. Skimu ya nusu milimita inaondoa takribani mililita mbili kutoka kila chemba. Ikipigwa mara mbili, E88 ya 260Z iliyokuwa na mililita 47.8 inaweza kupimwa ikatoa 44, na mtu akaapa kwamba ni ya mwanzo. Kinachomwokoa ni valvu ya moshi: skimu haigusi upana wa valvu. Thelathini na tano ni ya mwisho, thelathini na tatu ni ya mwanzo, mradi hakuna aliyebadilisha siti.

Mwisho unapima ujazo wa chemba. Haihitaji maabara. Nunua bomba la sindano la mililita 60 duka la dawa. Tafuta kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, toboa tundu dogo karibu na ukingo. Funga plagi, hakikisha valvu zimekaa na hazivuji, paka grisi nyepesi kuzunguka chemba, bandika ile plastiki. Inamisha hedi kidogo ili tundu liwe sehemu ya juu kabisa, kisha jaza mafuta ya taa taratibu mpaka povu la mwisho litoke. Kiasi kilichotoka kwenye bomba ndicho ujazo wako. Ukitia tone la mafuta ya gia ya otomatiki yatakuwa mekundu na utaona vizuri. Pima chemba zote sita, si moja; hedi iliyopigwa skimu vibaya inapungua kuelekea upande mmoja, na namba za chemba ya kwanza na ya sita zitakwambia hivyo.

Namba hiyo ina kazi. Silinda moja ya L28 inafagia karibu mililita 459. Gasketi ya unene wa milimita 1.2 inaongeza kama 7, na pistoni bapa inayochungulia juu ya bloki kwa zaidi kidogo ya nusu milimita inapunguza kama 3.5. Weka N42 juu yake: 44.6 ongeza 7 toa 3.5, unabaki na 48 na kitu, na mgandamizo ni karibu 10.5 kwa 1. Weka P79: unapata karibu 9. Weka ile N47 ya Maxima: karibu 11.8. Bloki moja, pistoni zile zile, injini tatu ambazo zinahitaji petroli tatu tofauti. Hii ndiyo sababu siwezi kukubali mtu akiniambia hedi ni hedi.

Na sasa zile adimu kweli kweli.

Nissan walitengeneza, kwa ajili ya mashindano, hedi ya L iitwayo LY. Hii ilivunja ile kanuni niliyokuomba uikumbuke: hewa inaingia upande mmoja na moshi unatoka upande wa pili, ukivuka silinda. Huhitaji kalipa kuitambua. Zunguka hedi, ukikuta matundu ya hewa au moshi pande zote mbili na bado inakaa kwenye bloki ya L, simama hapo. Simu yako ipige picha kila upande kabla hujafungua mdomo kuuliza bei. Ni ya kiwandani, haikutoka kwenye gari lolote la dukani, na zilizobaki duniani ni chache.

Kuna pia S20, ambayo mara nyingi huchanganywa na ukoo huu kwa sababu ilikaa ndani ya Fairlady Z432 na Skyline 2000GT-R ya 1969. Hiyo ni injini nyingine kabisa. Mizizi yake ni kampuni ya Prince, iliyoungana na Nissan mwaka 1966, na injini yao ya mbio ya GR8. Ina kamshafti mbili, valvu 24, sentimita 1,989, na nguvu farasi 160. Jina Z432 lenyewe ni hesabu: valvu nne kwa silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili. Hedi yake haifungiki kwenye bloki ya L. Na ukisikia habari ya TC24, hedi ya kamshafti mbili juu ya bloki ya L28, hiyo ni kazi ya OS Giken wa Okayama, mafundi huru. Ni kazi nzuri ajabu, lakini si ya kiwandani, na kwa anayerudisha gari katika asili yake tofauti hiyo ni kubwa.

Ukiipata hedi, namna ya kuitoa nayo ni sehemu ya kuitambua, kwa kuwa vitu vingi vya kuitambulisha hupotea hapo. Kama bado iko kwenye injini nzima, kabla hujalegeza gia ya kamshafti chonga kabari ya mbao na uisukume chini kati ya pande mbili za cheni mpaka ibane. Bila hiyo, kikaza-cheni kitaruka nje, na utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele. Usiitenganishe minara ya kamshafti, vile vishikizo vinavyoibeba, na hedi yake. Ilitobolewa ikiwa imefungwa pale pale, kwa mstari mmoja. Ukiihamishia hedi nyingine kamshafti itabana. Nimeona hedi safi za N42 zikiuzwa bila minara, na muuzaji akishangaa kwa nini wateja wanaondoka. Kama minara imeinuliwa kwa shimu (vipande vyembamba vya kuongeza kimo), hesabu unene wa shimu hizo, maana ndio unene aliouondoa mchongaji chini: hedi ikipigwa skimu sana kamshafti inashuka, cheni inalegea na taimingi inachelewa, na fundi makini huirudisha juu kwa shimu za kiasi kile kile. Shimu za milimita mbili kwenye P90 zinakwambia kuwa hedi hii ilishapitia mikononi mwa mtu aliyejua anachofanya na aliyetaka mgandamizo.

Tazama pia mwisho wa kamshafti, upande wa nyuma, kuna herufi moja imegongwa. Inahusu kamshafti, haihusu hedi. Iandike tu.

Wenye maduka ya vipuri wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo. Hedi yoyote ya alumini yenye silinda sita na herufi zinazoanza na E, N au P ubavuni, iwekeni kando ya mizani. Acheni valvu, minara na kamshafti mahali pake, zibeni tundu za plagi kwa kitambaa, na andikeni kwa rangi juu ya tapeti kava: herufi za kalibu, mraba au duara, 42 au 44. Maneno hayo matatu yanatosha mtu wa Mombasa kujua kama apande basi la usiku kuja kuichukua.